Msumari Uliopinda

Basi la Songea lilitoka Masasi jua halijachomoza. Nilikaa dirishani, miguuni nimebana kiroba cha korosho zilizobanguliwa na nazi za dada, mapajani mkoba wenye daftari la michoro. Kwetu Ndanda jina la Songea tunalijua tangu utoto, maana Wabenediktini wa Ndanda na wa Peramiho ni wa shirika moja, na mapadri na mafundi wao walipishana njiani miaka yote. Waliorudi walisimulia barabara kuliko walivyosimulia mji: lori limelala Tunduru, mto umejaa, abiria wamegeuka majirani. Leo ni lami. Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu, akirudi kwake Namtumbo, aliniambia zamani alikuwa hapandi gari la njia hii bila sufuria na kiberiti. Sikudhani anatania.

Dada yangu aliolewa Songea akiwa msichana, na miaka yote hiyo yeye ndiye aliyekuwa akija kwetu. Safari hii alinialika kwenye kipaimara cha binti yake, shughuli ya Jumapili. Mimi niliondoka katikati ya wiki, kwa sababu ya mtoto wake wa kiume, kijana wa kidato cha tatu, na manati yake.

Manati yenyewe ilikuwa ndani ya kompyuta. Mimi ni mwalimu wa fizikia, na kompyuta yangu ya zamani nilimpelekea mpwa wangu ikiwa na gemu niliyokuwa nikiicheza usiku wakati madaftari ya wanafunzi yananisubiri mezani. Inaitwa Besiege, kazi ya Spiderling Studios ya Uingereza. Toleo la awali lilitoka mwaka 2015, toleo kamili mwaka 2020. Unapewa kipande kimoja cha mbao na shehena ya vifaa: magogo, bawaba, magurudumu, springi, kamba, mabomu, vyuma vya uzito. Mbele yako kuna nyumba, mnara au ngome, na kazi yako ni kuubomoa mji wa watu. Namna ya kuubomoa hakuna anayekuambia. Unaunga unavyojua, unabonyeza kitufe kirefu cha chini, na hapo sheria za Newton zinaingia kazini. Kila gogo lina uzito wake, kila kiungo kina kani inayoweza kukivunja, na mtambo uliokuwa hodari ukiwa umesimama unaweza kujichana vipande kabla haujasogea.

Kijana alivuka hatua za mwanzo za kisiwa cha Ipsilon kwa mikokoteni yenye misumeno. Kisha akashikwa na ugonjwa wa manati. Usiku alinitumia picha: manati yenye springi mbili, yenye springi nne, halafu kitu kirefu kama mnara wa simu kilichofungwa springi kila pembe. Jiwe halikufika ngomeni. Mara linapaa wima na kumwangukia mwenyewe, mara linachimba ardhi mbele ya magurudumu. Na kila mara swali lilikuwa moja: "Mjomba, niongeze nguvu wapi?"

Nilikuwa na wasiwasi kwamba nguvu anazo nyingi kupita kiasi. Lakini jambo hilo huwezi kulieleza kwa ujumbe wa simu, lazima mkae mbele ya skrini moja.

Baada ya Mangaka mikorosho ilianza kuachiana, na miombo ikachukua nchi. Tulivuka Mto Muhuwesi, tukaingia Tunduru saa za kutafuta chakula. Tunduru ni mji wa mawe ya thamani. Wimbi la yakuti la miaka ya 1990 lilileta watu kutoka mbali sana, na ofisi za wanunuzi wa madini bado unaziona ukipita. Nilikula wali na maharage nimesimama, konda akipiga kofi bodi ya gari. Kutoka hapo ni msitu kwa muda mrefu. Huko ndiko tembo wanakopita kati ya Selous na Niassa ya Msumbiji, njia yao ya tangu zamani. Sikuona tembo. Niliona kinyesi chake katikati ya lami, kimekanyagwa na lori na kuwa bapa, na basi zima likakigeukia kwa heshima.

Yule mama alishuka Namtumbo. Akiwa mlangoni alinigeukia: "Vaa sweta, mwanangu. Songea ya mwezi wa sita haina mchezo."

Alisema kweli. Mji uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na mtu wa korosho anaiona tofauti hiyo kwanza vidoleni. Tulifika jua likizama nyuma ya nyumba za matofali ya kuchoma. Ua baada ya ua mahindi yalikuwa yameanikwa. Shemeji alinipokea stendi, akanionyesha milima ya Matogoro, akasema huko ndiko Ruvuma unakochimbuka. Nilitazama mara mbili. Mto ninaoujua mimi ni ule mpana wa mpakani na Msumbiji, wenye viboko na mitumbwi; sikuwahi kujiuliza unaanzia kwa nani.

Nyumbani Bombambili dada alinikagua chini ya taa. "Mdogo wangu, umekonda. Huko Masasi mnakula korosho tu?" Kijana akanipa shikamoo, nikamwitikia marahaba, na macho yake yalikuwa tayari kwenye mkoba wangu. Ilibidi dada amkumbushe kwamba mgeni anakula kwanza.

Baada ya ugali kompyuta ilifunguliwa mezani. Nilimwomba kijana asiongeze kitu wala asipunguze, arushe tu. Juu ya skrini ya gemu hii kuna kitelezi cha kasi ya muda, na naamini ndicho kifaa bora kuliko vyote walivyoweka mle ndani. Tulikishusha mpaka chini kabisa, tukatazama mrusho uliokuwa ukipita kwa kufumba na kufumbua ukijifunua hatua kwa hatua. Springi zikavuta. Mkono ukaanza kunyanyuka. Egemeo likapinda. Bakuli likapanda, likapita wima, likaanza kushuka upande wa pili, na jiwe bado limekaa ndani yake. Lilipotoka, mkono ulikuwa unaelekea chini, nalo likafuata njia hiyohiyo mpaka ardhini.

"Lilikaa mno," kijana akasema.

"Na ukiongeza springi?"

Akafikiri. "Litafika ardhini haraka zaidi."

Hapo ndipo manati inapoachana na watu wanaoipenda kwa nguvu zake. Chukua jiwe linaloondoka kwa mita 20 kwa sekunde, likielekezwa nyuzi 45 kutoka ardhini. Hewa tukiisahau, litaanguka kama mita 40 mbele. Kasi hiyohiyo ukiielekeza nyuzi 80, jiwe litaanguka mita 14 kutoka ulipo. Nguvu haikupungua hata chembe, mwelekeo wa kuondoka ndio umekula safari. Na mwelekeo wa kuondoka unategemea sehemu ndogo sana ya sekunde, ule wakati jiwe na mkono vinapoachana. Ni kweli kwamba kasi ina malipo makubwa: ukiifanya mara mbili, umbali unakuwa mara nne. Lakini ili kasi iwe mara mbili unahitaji nishati mara nne, na viungo vya mbao vya mle ndani havina subira hiyo. Ndiyo maana mnara wa springi ulikuwa ukichanika kabla ya kurusha.

Nikamchorea mtambo wa kale. Wachina walianza na boriti juu ya egemeo, upande mmoja kombeo la jiwe, upande wa pili kamba zinazovutwa na kundi la watu. Waislamu wanausikia katika sira, kwenye kuzingirwa kwa Taif mwaka 630. Kufikia karne ya 12 watu wa nchi za Mediterania walikuwa wameziondoa kamba na kuning'iniza sanduku zito la mawe au risasi. Mwaka 1304 mfalme Edward I wa Uingereza aliizingira ngome ya Stirling kule Uskoti, akajengewa mtambo mkubwa ulioitwa Warwolf. Inasimuliwa kwamba ngome ilipotaka kusalimu amri alikataa mpaka kwanza auone ukifanya kazi. Hicho ni kichaa ninachokielewa, na mpwa wangu alikielewa haraka zaidi yangu.

Siri ya mtambo huo ni kombeo. Mkono wenyewe ni nyenzo ya kawaida, upande mfupi wenye uzito na upande mrefu, mara nne au tano ya ule mfupi. Kombeo linaongeza mkono wa pili kwenye ncha ya mkono wa kwanza, wenye bawaba yake. Mkono ukinyanyuka, kombeo linabaki nyuma likiburuta, halafu linazunguka kwa kasi na kuupita. Mkono unapokaribia wima unapungua mwendo, uzito uko chini karibu unasimama, na nishati yote imehamia kwenye jiwe. Mtambo uliopangwa vizuri unaonekana kuchoka wakati huohuo jiwe linapoondoka, na kuchoka huko ndiko ufanisi wenyewe.

Tulilala usiku umeenda sana. Dada alizima taa mwenyewe.

Asubuhi shemeji alisema haiwezekani mgeni afike Songea aishie kwenye kompyuta. Tukaenda, mimi na kijana, kwenye Makumbusho ya Majimaji, kata ya Mahenge. Wenyeji wamezoea mahali hapa. Mimi nilikuwa nimepafundisha tu, kwa kumsaidia mwenzangu wa historia, bila kupaona. Kuna sanamu za machifu, kuna kaburi la pamoja la mashujaa zaidi ya 60 wa Kingoni walionyongwa na Wajerumani Februari 1906, kuna kaburi la peke yake la nduna Songea Mbano, ambaye mji umebeba jina lake. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja hapa akaomba msamaha. Kijana alikuwa amekuja mara nyingi na shule yake, akanitembeza kama mwenyeji. Lakini mbele ya mikuki na ngao alisimama akauliza jambo ambalo nadhani shuleni hakuwahi kuliuliza.

"Mjomba, hawa mbona hawakutengeneza manati wakavunja boma la Wajerumani?"

Mtu anaweza kulicheka swali hilo. Mimi nililipenda. Wangoni walitoka kusini mwa Afrika wakiongozwa na Zwangendaba, wakavuka Zambezi Novemba 1835, wakibeba vita vya mtindo wa Shaka: ngao pana, mkuki mfupi wa kuchoma, na miguu. Jeshi la namna hiyo linaishi kwa kutembea, halibebi boriti. Njiani lilikutana na ngome za miti, na ngome ya miti inaingilika kwa moto na kwa wingi wa watu. Manati kubwa ni silaha ya mtu aliyekaa. Inataka maseremala, wiki za kazi, na adui aliye nyuma ya ukuta wa mawe asiyeweza kukufikia. Mitambo ile ya kale ilirusha mita 200 au 300 hivi. Mwaka 1905 bunduki ya Maxim ilikuwa inaua mtu aliye mbali kuliko mita 1,000. Agosti mwaka huo maelfu ya wapiganaji walilikabili boma la Mahenge, lile la Ulanga, na bunduki za rashasha zikawangoja. Umbali ambao seremala angehitaji ili asimamishe nguzo zake ulikuwa tayari ndani ya risasi.

Kijana alisikiliza mpaka mwisho. "Kwenye gemu kuna wapiga mishale tu."

"Wangeweka Maxim usingemaliza hata kisiwa cha kwanza."

"Ndiyo. Na wale wanajeshi wadogo hawana majina." Alisema hivyo akisoma majina yaliyoandikwa pale. Sikuongeza neno, mwalimu akiwa likizo ana haki ya kunyamaza.

Tukirudi, ndipo alipotoa wazo la kuijenga. Si ndani ya kompyuta, uani.

Shemeji ni fundi wa kuchomelea, na mtu wa namna hiyo humwombi mara mbili. Alitoa bomba la chuma liwe egemeo. Tulisimamisha nguzo mbili zenye panda, tukazichimbia chini, tukalaza bomba juu yake. Mkono ulikuwa mwanzi mkavu wa mita mbili na nusu, nusu mita upande wa uzito, mita mbili upande wa kombeo. Kombeo tulilishona kwa kiroba, kamba zake karibu urefu wa ule upande mrefu. Kuhusu uzito, kijana alipendekeza gunia la mahindi lililokuwa palepale barazani, na dada akatokea mlangoni kabla sentensi haijaisha. "Mahindi yangu hayaruki." Tukatumia matofali ya kuchoma ndani ya ndoo ya chuma, kama kilo 30 hivi. Risasi zetu zilikuwa madonge ya udongo ya robo kilo. Uzito wa upande mmoja zaidi ya mara 100 ya kinachorushwa ni kipimo ambacho wajenzi wa leo wa mitambo hii wanakipenda, na nyuma ya nyumba kulikuwa na shamba lililokwisha kuvunwa.

Kazi yote ngumu ilihamia kwenye msumari. Kombeo lina kamba mbili. Moja imefungwa moja kwa moja kwenye mwanzi. Nyingine ina pete inayoning'inia tu kwenye msumari uliochomoza nchani. Kombeo likizunguka mpaka pembe fulani, pete inateleza, mfuko unafunguka, jiwe linakwenda. Hakuna anayelivuta wala kulikata. Pembe ya msumari ndiyo inayoamua.

Ukiwa umenyooka, pete ilitoka mapema, na donge likapaa juu ya vichwa vyetu, watoto wa jirani wakatawanyika wakishangilia. Shemeji akachukua koleo, akaupinda mbele kidogo. Donge likaenda juu bado, lakini mbele. Akapinda tena, likapata upinde mzuri, likapasukia katikati ya mabua. Akapinda zaidi, kwa udadisi, na pete ikang'ang'ania mpaka donge likapigwa chini hatua chache mbele yetu. Tofauti kati ya kupaa na kuchimba ilikuwa ndogo kuliko upana wa kucha. Akaurudisha. Tulipimia hatua kwa miguu, tukafika maeneo ya mita 40, na hesabu ya jana usiku ikamfanya kijana anitazame kwa namna ambayo wanafunzi wangu wa Masasi hawajawahi kunitazama.

Halafu akaganda, mkono umeshika kamba. "Mjomba. Huu msumari unanibonyezea kitufe."

Alikuwa amepata. Kwenye gemu jiwe lake lilikuwa linashikwa na kikamatio, kifaa kinachong'ang'ania jiwe mpaka ubonyeze kitufe. Alikuwa anategemea kidole chake. Kidole cha binadamu, hata cha kijana wa kidato cha tatu, hakirudii wakati uleule mara mbili. Ukiwa na bahati jiwe linafika. Mara inayofuata haliko popote. Unaanza kuulaumu mtambo, unaongeza springi, na unaharibu kilichokuwa kizima.

Usiku huo alizing'oa springi zote. Akajenga upya: nguzo mbili, mkono mrefu, vyuma vya uzito upande mfupi, kombeo la vipande vifupi vilivyoungwa kwa bawaba, na mbao za mshazari kwenye egemeo, mahali palipokuwa pakipinda. Kisha akaingia kwenye vifaa vya kujiendesha, sehemu ambayo hakuwahi kuigusa kwa sababu, alisema, ilionekana ya wataalamu. Mle kuna kipima pembe. Unakifunga kwenye mkono na kukiambia: ukifika nyuzi fulani, bonyeza kitufe fulani. Akakipa kitufe cha kikamatio.

Mrusho wa kwanza ulilichana egemeo, akaliimarisha. Uliofuata jiwe lilitoka juu mno. Hakugusa uzito wala urefu. Alibadilisha nyuzi tu, mbili, halafu moja, kwa utulivu wa baba yake na koleo. Jiwe likaenda na kupiga kona ya mnara. Akarusha tena bila kubadili kitu, na likapiga kona ileile. Mimi furaha yangu ilikuwa hapo kwenye kona ileile, kabla hata mnara haujaanguka. Mtu akiweza kurudia, anajenga. Alisogeza mtambo wote kidogo kushoto, na mnara ukalala.

Kuna jambo gemu inalidanganya, nami nililiona uani. Bawaba zake hazina kutu, mianzi yake haina nyufa, na kamba hailowi umande. Mwanzi wetu ulipasuka Jumamosi asubuhi kwa sababu ulilala nje kwenye baridi ya Bombambili, tukaufunga kwa mpira wa tyubu. Kwa upande mwingine, mkono uliovunjika ndani ya kompyuta unarudi mzima kwa kitufe kimoja, na shule isiyo na maabara ya kutosha haiwezi kumpa mtoto uhuru huo wa kuvunja. Mwanafunzi wangu akivunja mizani moja, tunaandikiana barua muhula mzima.

Kipaimara kilikwenda vizuri. Misa ndefu, vifijo, pilau, shangazi wa upande wa shemeji waliocheza lizombe mpaka vumbi likaingia kwenye soda. Mtambo ulikuwa umefunikwa turubai kwa amri ya dada, na kila mtoto aliyealikwa alikuwa anajua kilichoko chini ya turubai.

Jumatatu alfajiri walinisindikiza stendi. Kijana alikuwa amekesha tena, nililiona hilo machoni. Akaniuliza kwa nini katika picha moja aliyoiona mtambo ule ulikuwa na magurudumu, na wala hauonekani kusafiri kwenda popote. Nikamwambia kwamba uzito unaposhuka kwa kuzunguka, unaisukuma fremu huku na huku. Fremu ikiwa huru kusogea, uzito unashuka karibu wima, na nishati nyingi zaidi inafika kwenye jiwe. Konda alikuwa anaita Tunduru, Masasi. Kijana akamtazama baba yake, baba yake akatazama chini akihesabu kitu kwa vidole.

"Toroli langu hamligusi," dada akasema.